Ni Utaratibu Tu, Mwalimu

Jumapili nilipita Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya 9, kumpokea kijana wangu aliyerudi kutoka Sharjah, Falme za Kiarabu. Nasema wangu kwa sababu nilimfundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne, na mama yake hajawahi kuniacha niipite baraza yake bila kikombe cha kahawa. Mkeka umetandikwa, kashata zipo, visheti vipo, watoto wa jirani wamejipanga ukutani wanasubiri begi lifunguliwe. Kila anayeingia anauliza, "Enhe, umetuletea nini?"

Mie nikamuuliza langu. "Kiinua mgongo wamekupa?"

Akaangalia mkeka. "Wamesema watanitumia, mwalimu."

"Na karatasi ya kufuta kibali cha kazi ulisaini?"

"Nilisaini. Walisema ni utaratibu tu."

Nikaishusha kahawa. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja pale barazani akatia neno: "Riziki haigombwi, mwanangu. Kama imeandikwa yako, itakufuata." Watu wakaitikia kama wako msikitini. Ewaa. Kweli kabisa. Mzee namheshimu, shikamoo yake naipeleka kila asubuhi, lakini siku ile alinichefua. Hii siyo riziki ya kungojea kuandikwa. Huu ni mshahara. Mungu keshatoa zamani. Aliyeibana ni mhasibu.

Ndiyo maana naandika. Tanga yetu hii sasa ina walimu waliotawanyika Dubai, Muscat, Doha, na kila likizo ya Agosti tunawapokea kwa vigelegele kama mahujaji. Hakuna anayeuliza wameondokaje kule. Kupata kazi kila mtu anakufundisha: wakala, dada wa rafiki, kundi la simu. Kuacha kazi unajifundisha mwenyewe, na ada yake ni kubwa.

Mimi nilikuwa Falme za Kiarabu kuanzia Agosti 2019 hadi Agosti 2023, shule binafsi ambayo sitaitaja kwa sababu sina nguvu za kugombana nayo mara ya pili. Niliacha kwa sababu mama alianza kuumwa miguu na mimi ndiye binti peke yake. Notisi nilitoa kwa maandishi mwezi Mei, siku 60 kama mkataba ulivyosema (sheria yao inaruhusu kati ya 30 na 90), nikamaliza kusahihisha mitihani, nikarudisha kompyuta, vitabu na funguo za kabati. Mwalimu wa kupigiwa mfano. Mkuu wa shule akanipa cheti kwenye fremu. Nimekitundika chooni.

Sasa siku ya siku, nikaitwa ofisi ya utumishi. Kiyoyozi kinatoa moshi, chai ya karaki imeletwa, mambo ambayo kwa miaka minne sikuyaona hata nilipougua. Nikajua hapa kuna jambo. Bwana yule akanisukumia karatasi moja yenye safu mbili, Kiarabu kulia, Kiingereza kushoto, herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Saini hapa, mwalimu. Ni utaratibu tu, ili tufute kibali cha kazi."

Mimi Kiarabu changu ni cha chuo cha Makorora. Nimesoma juzuu, nimechapwa viboko, sijasoma sheria. Lakini macho yangu yakaangukia maneno mawili: *jamii* na *mustahaqqati*. La kwanza, yaani zote, halihitaji mkalimani. La pili ukilivua kilemba unakuta stahiki, ukilivua na kanzu unakuta haki. "Nimepokea stahiki zangu zote." Nimepokea! Wakati uliopita! Na akaunti yangu siku ile ilikuwa na dirhamu 312.

Nikamwambia, "Lakini sijapokea."

"Mfumo haukubali kufuta kibali bila saini yako."

"Na mfumo unakubali niseme uongo?"

Akacheka. Akasema pesa inakuja baada ya kufuta, wiki moja, mbili, walimu wote wanasaini, hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyelalamika kwa sababu aliyesaini jana leo yuko kwenye ndege, na aliyeko Ngamiani atalalamikia wapi, kwa mwenyekiti wa mtaa?

Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Sitajifanya shujaa hapa. Tiketi ilikuwa ya siku nane mbele, nyumba ya kupanga imekwisha muda, na yule bwana ana sauti ya upole. Kilichoniokoa ni mwenzangu mmoja wa Kerala, India, mwalimu wa fizikia, aliyeniambia wiki moja kabla, wakati tunangojea basi: karatasi ya mwisho ndiyo mali yako ya mwisho, ukiitoa huna kingine cha kuwapa. Basi nikaweka kalamu juu ya meza. Nikasema nitasaini siku pesa ikiingia, na naomba kwanza nione hesabu.

Hesabu ikaja kesho yake. Na hapo ndipo nilipoona faida ya kufundisha hesabu.

Mshahara wangu wote ulikuwa dirhamu 5,500, lakini wa msingi ni 3,000. Zilizobaki ni nyumba na usafiri. Kiinua mgongo kule kinapigwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Kwa miaka minne nilikuwa nikijidanganya usiku kwa 5,500, naona 15,400 zinang'aa. Hapana. Msingi 3,000 gawa kwa 30 ni 100 kwa siku. Siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Mara miaka minne. Dirhamu 8,400, ambazo kwa kiwango chao kisichobadilika cha 3.6725 kwa dola ni kama dola 2,287. Si utajiri, lakini ni paa la mama na chenji inabaki.

Karatasi yao ilisema 5,600.

Theluthi mbili. Nikauliza theluthi nyingine imekwenda kuhiji au vipi. Mhasibu akanijibu kwa upole uleule kwamba aliyeacha kazi mwenyewe kati ya mwaka wa tatu na wa tano hupewa theluthi mbili. Na hakuwa anatunga! Sheria ya zamani ilikuwa hivyo kwa mikataba isiyo na ukomo kama ule wangu wa mwanzo. Ila sheria ile ilishazikwa. Mpya, namba 33 ya mwaka 2021, ilianza kutumika tarehe 2 Februari 2022, na adhabu ya kuacha kazi kwa hiari ikaondoka: ukishatimiza mwaka mmoja, unapata chako kizima, uwe umeachishwa au umeacha. Mwaka mmoja na nusu baadaye mhasibu wa shule yenye walimu zaidi ya mia bado anapiga hesabu ya marehemu. Alisahau? Inawezekana. Mbona ada za wanafunzi hajawahi kusahau kuzipandisha?

Nilirudi chumbani nikaandika barua pepe, mistari sita, bila matusi. Kifungu cha 51, siku 21, kiasi 8,400. Kifungu cha 53, malipo yote ndani ya siku 14 baada ya mkataba kwisha. Likizo ambayo sikuichukua. Na mwisho nikasema nikikwama nitakwenda wizara ya kazi, ambako mfanyakazi hatozwi kitu kupeleka malalamiko. Tiketi nikaisogeza mbele kwa faini iliyoniuma mpaka leo. Nikalala kwa yule mwenzangu wa Kerala, sebuleni, wiki mbili na nusu, nikila wali wake wa nazi ambao naapa una undugu na wetu.

Siku ya 19 pesa ikaingia, kwa vipande viwili. 8,400 na mshahara wa mwezi wa mwisho. Nikaenda nikasaini, nikiwa nimeandika tarehe kwa mkono wangu. Siku tatu za likizo hawakunilipa, nilichoka nikaziacha. Bado nawadai.

Najua kuna watakaosema, mwalimu wewe ulikuwa na pa kulala. Haya, nakubali. Kuna mwenzetu mwenye watoto watatu, kibali cha kukaa kinahesabu siku, na tajiri anajua. Kumwambia huyo "kaza" ni rahisi ukiwa barazani Tanga na kisheti mkononi. Na nikubali jingine shingo upande: wapo walimu wanaoziuma shule pia. Anapokea mshahara wa Desemba, anapanda ndege kwenda "likizo", Januari kidato kizima hakina mwalimu wa kemia. Ukiondoka hivyo unaripotiwa mtoro, na mtoro hana mdomo wa kudai. Toa notisi, ifanye kazi yote, wasiwe na pa kukushikia.

Lakini hata wewe usiye na pa kulala, usiandike kwamba umepokea kitu hujapokea. Hilo ndilo langu leo, mengine yote ni pambo. Wakisema lazima usaini, andika pembeni kwa kalamu: "kiasi fulani bado sijalipwa", piga picha, ndipo utie saini. Wakikataa karatasi yenye maneno yako, wamekujibu.

Babu yangu mzaa mama aliletwa huku kutoka Kigoma kukata mkonge, manamba. Ule mkonge wenyewe uliingia mwaka 1893, miche 62 tu iliyonusurika safari ya mbali, ikapandwa Kikokwe kule Pangani, na miche hiyo ndiyo iliyokuja kuwatoa watu makwao kwa maelfu. Wakati wake walikuwa wakilipwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, siyo siku 30 za kalenda. Ukimaliza ngwe yako unatiwa alama. Nyapara asipoitia, siku hiyo haikuwepo, umekata mkonge kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Babu hakujua kusoma wala kuandika. Lakini mama anasimulia kwamba haondoki mbele ya nyapara mpaka ahesabu alama zake kwa kidole, moja moja, foleni nzima nyuma yake inamzomea. Kidole chenyewe kimechanwa na miiba. Anahesabu.

Sasa mjukuu, mwenye shahada, anayefundisha watoto wa watu kusoma ufahamu na kujibu maswali, anasukumiwa karatasi ya aya tatu na kusaini bila kuisoma kwa kuwa ameletewa chai.

Na msidhani nawasema Waarabu. Hapa kwetu mwenye shule binafsi anaweza kukaa na mishahara yako ya miezi mitatu na bado akakuomba umchangie harusi ya mwanawe. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inatoa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, mwisho miaka 10, na hizo ni pale mwajiri anapokuachisha yeye. Ukilinganisha na siku 21 utaona kwa nini watu wanapanda ndege. Ninachosema ni kwamba kule sheria ipo na ina meno, ila haiji kukugongea mlango.

Mengine kwa haraka, maana umeme wenyewe huu. Mkataba na hati za mishahara zitoe nakala, ziweke kwenye barua pepe yako, siyo ya shule. Ya shule wanaifunga siku unayoondoka. Akaunti ya benki ifunge mwisho kabisa, na kama una mkopo au kadi ya mkopo, benki inaweza kuishika pesa yako ya mwisho ikiiona tu. Pasi yako haikai kwa mwajiri hata siku moja. Tiketi ya kurudi soma mkataba: kwa kawaida ni juu yake, isipokuwa umehamia kwa mwajiri mwingine au mkataba umevunjika kwa sababu yako.

Turudi kwa kijana. Baada ya watu kutawanyika nilimwita uani, karibu na mtungi. Akanionyesha picha ya ile karatasi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na mpasuko wenyewe umepita juu ya saini yake. Miaka mitatu, mshahara wa msingi 2,800. Nikapiga hesabu kwa kijiti mchangani: 5,880. Mama yake akatokea na sahani ya visheti, akauliza mbona mnachora, mnacheza bao? Hakuna aliyemjibu.

Nimemwambia saini yake inasema amepokea, lakini mishahara kule inapita kwenye mfumo wa benki unaofuatiliwa na wizara, na benki haisemi kwa kuwa imeletewa chai. Kama taarifa ya akaunti haionyeshi 5,880, wao ndio waeleze walimpa wapi, kwa mkono gani. Tangu mwaka 2024 muda wa kudai ni miaka miwili tangu kazi ilipokwisha, na yeye zimepita wiki tano tu. Aliniuliza kama atapata. Nikamwambia sijui, alete karatasi kwanza.

Anakuja Ijumaa baada ya swala, na taarifa ya benki ya miezi sita, na mkataba. Mzee wa riziki naye kasema atakuja. Nimemwambia karibu, lakini aje na miwani.