Kwa Mama Neema Haifunguki

Kwa Mangi tovuti ya mfumo wa ofisi inafunguka. Kwa dereva aliyepaki nje, mwenye kisimu kilichopasuka kioo, inafunguka. Kwangu Arusha, kwenye laptopu na kwenye simu, inafunguka na alama ya kufuli inaonekana juu pale. Kwa Mama Neema mhasibu, ambaye mfumo mzima ulitengenezwa kwa ajili yake, haifunguki.

"Inakuja ile nyekundu, mwanangu."

"Imeandika nini, mama?"

"Imeandika Kiingereza."

Ofisi yenyewe ni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, ipo Moshi mjini. Mwenye kampuni tunamwita Mangi; jina lake la cheti cha kuzaliwa sijui kama hata mkewe analitumia. Alikuwa amechoshwa na madaftari ya wapagazi: nani kapanda kwa Machame, nani kwa Marangu, nani kabeba kilo 20 na nani kadai tu. Akamlipa kijana mmoja amtengenezee mfumo. Kijana akautengeneza, akaupakia kwenye makontena ya Docker, yaani vifurushi vya kubebea programu, ndani ya seva ya kukodi iliyoko Ujerumani, kisha akapata ajira Dodoma na simu yake ikaanza kuita bila kupokelewa. Nikaitwa mimi.

Nilipoupokea haukufunguka kwa mtu yeyote, na nakiri hapo kazi ilikuwa tamu. Kivinjari kinazunguka weee, mwisho kinasema muda umekwisha. Hiyo ni dalili nzuri kwa fundi. Ukikataliwa papo hapo, mara nyingi seva umeifikia ila hakuna programu inayosikiliza pale ulipogonga. Ukiachwa unazunguka bila jibu, tafuta fayawoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao, unaomeza kila unachotuma. Kumbe wenye seva wana fayawoli yao ya nje, tofauti na ile ya ndani, na poti 443, mlango wa tovuti zenye kufuli, hawajaifungua. Nikaifungua. Likaja kosa 502: mlinda mlango, programu iitwayo Traefik, anapokea mgeni vizuri ila akigonga chumba cha ndani hakuna anayeitika. Programu ya kijana wa Dodoma ilikuwa inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya kontena lake inajisikiliza yenyewe. Nikaiambia isikilize 0.0.0.0, yaani kila upande. Traefik akaomba cheti, yaani kitambulisho kinachofanya kivinjari kiiamini tovuti, kwa Let's Encrypt, shirika linalovitoa, akapewa palepale na bure, kufuli likatokea. Nikatuma ankara.

Ndipo simu ya Mama Neema ikaingia.

Tulianza na tiba za kawaida. "Mama, futa historia ya kivinjari." "Historia ya nani?" Tukazima kompyuta, tukawasha. Tukajaribu kivinjari kingine, nyekundu ikaja vilevile, ila kwa maandishi madogo zaidi. Nikauliza kama tovuti nyingine zinafunguka. Zote zinafunguka, hata ile ya benki. Basi nikaamini kosa liko kwangu: nikavunja makontena yote nikayasimamisha upya. Bado. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Tukahangaika mpaka mchana, nikamwambia nitarudi kwake baadaye, naye akaniambia anaingia kwenye rozari ya huruma, maana saa tisa imekaribia.

Saa tisa na dakika chache akapiga. "Imefunguka."

Sikuwa nimegusa kitu.

Kesho yake asubuhi mfumo bado unafunguka, ofisi nzima ina furaha. Mangi akataka safu ya uzito wa mizigo iongezwe kwenye fomu. Nikaiongeza, nikavunja kontena, nikasimamisha. Dakika ileile simu: nyekundu. Alasiri, baada ya rozari, ikafunguka. Mangi akataka rangi ya nembo ibadilishwe; nikabadilisha; nyekundu. Ikafika mahali Mama Neema anamweleza Mangi, nami nasikia kwa sababu simu iko kwenye spika: "Huyu kijana akiweka mkono inafungwa. Mimi nikisali inafunguka. Mwambie aache kugusa." Mangi naye alikuwa na nadharia yake, kwamba Mama Neema hautaki mfumo kwa kuwa madaftari yalimpa ufalme, na anajifanya haufunguki. Hapo mama akanuna. Chai ikaanza kuja ofisini bila sukari.

Kisha siku moja ikafungwa kwa usawa: hakuna anayefungua, hata Mangi mwenyewe, akiwa mbele ya mgeni aliyekuja kulipa. Nikafungua kumbukumbu za Traefik na kukuta Let's Encrypt wamechoka na sisi. Utaratibu wao ni kwamba cheti cha majina yaleyale hawatoi zaidi ya mara 5 ndani ya siku 7. Sasa, faili linaloitwa acme.json, ambamo Traefik anahifadhi cheti, kijana wa Dodoma alikuwa ameliacha ndani ya kontena badala ya kulitolea nafasi kwenye diski ya seva. Kila kontena linapovunjwa, cheti kinakufa nalo, na kontena jipya linakwenda kuomba kingine. Cheti cha siku 90 sisi tulikuwa tunakitumia siku moja, wakati mwingine nusu.

Nikaamka mapema, saa moja asubuhi nikawa nimemaliza: faili limehamishiwa nje ya kontena, na cheti kimeombwa kikiwa na jina la pili lenye www mbele, maana orodha ya majina ikibadilika kile kikomo hakikuhusu. Mangi akafungua. Dereva akafungua. Mama Neema, nyekundu. Nikachukua koti, nikaenda stendi, nikapanda Coaster ya Moshi.

Nilipoingia ofisini nikamwamkia, akaitikia marahaba ya mbali kidogo, akanipisha kwenye kiti. Nikafungua mfumo. Nyekundu kweli. Nikabonyeza maelezo zaidi, na kwa mara ya kwanza nikaona ule msimbo ambao kwenye simu ulikuwa "Kiingereza": ERR_CERT_DATE_INVALID. Tarehe! Nikatazama pembeni chini. Tarehe ni ya leo. Saa inasema 4:12. Kichwani nikasoma saa nne na dakika kumi na mbili, na kweli ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, jua linachoma, mama wa ndizi anapita na beseni lake. Sawa kabisa. Nikaendelea kutafuta.

Nikafungua cheti chenyewe. Kinaanza kutumika leo, saa 6:02. Let's Encrypt hukirudisha cheti nyuma saa moja, kwa hiyo cha saa moja asubuhi kinaandikwa kimeanza saa kumi na mbili. Nacho kiko sawa. Nikatazama sita na nne, nne na sita, nikatoa simu mfukoni. Simu ilisema 10:14.

"Mama Neema, hii saa ya kompyuta nani kaiweka?"

"Mimi. Ilikuwa inadanganya."

Akanieleza bila haya hata chembe. Wapagazi walikuwa wanagombana naye kila siku ya malipo. Mtu kafika saa kumi na mbili alfajiri, karatasi inatoka imeandikwa 6:10, mtu anapiga kelele dirishani: saa sita gari lilishafika getini Machame, mmenikata siku nzima! Kueleza kulimchosha. Akaingia kwenye mipangilio, akazima ile ya kujirekebisha, akairudisha saa nyuma mpaka ikasema ukweli. Tangu hapo amani.

Saa sita nyuma, tarehe ileile. Cheti cha benki kina wiki kadhaa tangu kitolewe, saa sita hazikitishi. Cha kwetu kilikuwa kinazaliwa upya kila nikivunja kontena, na kompyuta ya Mama Neema ilikuwa inaonyeshwa cheti cha baadaye, kitu ambacho kivinjari chochote chenye akili kinakikataa. Toa ile saa moja ya Let's Encrypt, zinabaki saa tano za kusubiri. Kontena la saa nne asubuhi lilikuwa linakubalika saa tisa alasiri kamili.

Nikamweleza yote haya kwa utaratibu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilisema usiguse."

Sikuwa na jibu. Nikanyoosha mkono nirudishe saa, akaukamata. Saa haiendi popote. Anayetaka iende akasimame yeye pale dirishani na wapagazi. Mangi, aliyekuwa mlangoni, akakumbuka ana kikao.

Nikakaa nikafikiri. Kivinjari hakijali saa iliyoandikwa kwenye kioo. Kompyuta kwa ndani inahesabu saa ya dunia, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Mama Neema anahitaji kompyuta iliyo nyuma ya saa ya dunia kwa saa tatu. Nikairudisha saa sahihi, nikawasha kujirekebisha kwa mtandao, halafu kwenye orodha ya maeneo nikachagua Brasilia. Pale pembeni ikasoma saa nne na nusu, kama ukutani. Kufuli likafunga, mfumo ukafunguka, bila rozari. Na Brazili waliacha kubadili saa za majira mwaka 2019, kwa hiyo haitayumba.

Akavaa miwani, akasogea karibu.

"Brazili ndo wapi tena?"

"Amerika ya Kusini, mama."

"Na wao wanahesabu saa kama sisi?"

"Hapana. Kwao sasa hivi bado ni usiku, karibu na alfajiri."

Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama ya kompyuta, akarudi kwangu.

"Basi wao hawajui kuisoma. Saa yenyewe ni nzima."