Wazee wa koo na kura ya siri

Uchaguzi mkuu ukikaribia, habari ileile hutoka kaunti za kaskazini mwa Kenya, Mandera, Wajir au Marsabit, na kuzua kelele Nairobi: wazee wa ukoo fulani wamekaa, wamegawana viti, wametangaza nani awanie ugavana na nani akae kando. Mawakili hufungua Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura na kugombea bila vizuizi visivyo na msingi. Kugawana huko, kunakoitwa demokrasia ya maridhiano, huonekana ghafla kuwa njama ya wazee wachache wa kuwapokonya vijana na wanawake sauti yao.

Lalamiko hilo lina uzito, na nitalifikia. Ila wengi wanaolitoa huzungumza kana kwamba palikuwa na siasa ya mtu mmoja mmoja huko kaskazini, kisha wazee wakaja kuivuruga. Haikuwa hivyo.

Tazama diya. Kwa Wasomali, mwanamume akiuawa fidia ya kimila ni ngamia 100, na muuaji halipi peke yake. Hulipa kundi lake la ukoo, yaani ndugu wa upande wa baba wanaohesabu nasaba hadi kwa babu mmoja wa zamani. Kila boma hutoa fungu lake, hata boma la mtu ambaye hajawahi kumtia muuaji machoni. Upande wa marehemu nao hupokea kwa pamoja na kugawana. Wasiolipa pamoja nawe si watu wako kwa maana nzito ya neno hilo, na unaolipa nao ndio watakaosimama nawe siku ya maji, ya malisho na ya kesi.

Sasa pandisha kinyang'anyiro cha ugavana juu ya mpango huo. Wafuasi wa wagombea wawili wanakorofishana kisimani, risasi inalia, mmoja anaanguka. Mgombea aliyeshindwa atarudi kwenye nyumba yake ya Nairobi na kufungua kesi mahakamani. Deni la damu litabaki kwa mfugaji aliye na ngamia wachache, ambaye hakuhudhuria mkutano hata mmoja wa kampeni. Kura ni ya mtu mmoja. Gharama ya ugomvi wa kura ni ya ukoo mzima. Nani basi ashangae mfugaji huyo akitaka wazee wake wajue mapema nani anagombea, kwa masharti gani, na upande wa pili umepewa nini ili utulie? Wakosoaji wa maridhiano wana majibu mazuri kuhusu haki za mpiga kura. Kuhusu mlipa diya, sijawasikia wakisema kitu.

Kuna na historia, ambayo msomaji anaijua: sheria za hali ya hatari zilizotawala eneo hilo hadi 1991, mauaji ya raia yaliyofanywa na jeshi huko Wagalla, Wajir, Februari 1984. Dola iliyokuja hivyo haikuwa mtu wa kumkimbilia ukiibiwa mifugo. Wazee na masheikh ndio waliokuwa mahakama. Kisha mwaka 2013 ugatuzi ukaleta zawadi kubwa kuliko zote zilizowahi kufika huko, serikali ya kaunti yenye bajeti ya mabilioni, na Mandera ikiwa miongoni mwa kaunti zinazopata mgao mnono. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, koo za Garre na Degodia zilikuwa zimemwaga damu Rhamu, hukohuko Mandera.

Katika hali hiyo hesabu ya kura ni katili. Watu wakipiga kura kwa ukoo, na mshindi akichukua chote, ukoo mkubwa hushinda mwaka huu, miaka mitano ijayo, na mitano mingine baada ya hapo. Ukoo mdogo unaweza kutii kila kanuni ya uchaguzi na usionje uongozi kamwe. Maridhiano hubadilisha swali. Mezani huwekwa viti vyote kwa pamoja: gavana, naibu wake, seneta, mwakilishi wa kike, wabunge (Mandera ina maeneobunge sita), spika wa bunge la kaunti, mawaziri wa kaunti. Ukoo usioweza kushinda ugavana unaweza kudai useneta na uspika. Kiti kikishaangukia ukoo, tawi la ukoo huo hukaa lenyewe kutafuta jina. Kisha hupigwa fatiha, na anayevunja ahadi hujua ameivunja mbele ya nani.

Je, huko ni kumnyima mpiga kura uamuzi? Mwaka 2017 ulitoa jibu. Baraza la wazee wa Garre lilikuwa limeamua viongozi wa ukoo huo waliochaguliwa 2013 watumikie muhula mmoja, wapishe matawi mengine. Gavana wa Mandera, Ali Roba, alikataa. Aligombea kwa tiketi ya Jubilee, chama tawala wakati huo, dhidi ya Hassan Noor Hassan, aliyeungwa mkono na wazee, na akashinda. Wengine walisema huo ulikuwa mwisho wa mamlaka ya wazee. Mimi nauona kama ushahidi wa jambo ambalo mawakili hulisahau: ndani ya kituo cha kura, mzee hana mkono. Alichonacho ni ushauri wenye heshima, na ushauri unaweza kukataliwa. Tiketi ya chama kikubwa cha Nairobi, iliyotolewa chumba cha nyuma baada ya mchujo wenye vurugu, ina nguvu zaidi ya kumfungia mtu mlango.

Na kama kugawana vyeo kabla ya kura ni dhambi, basi dhambi hiyo ilitiwa sahihi hadharani mwaka 2022, mkataba wa muungano wa Kenya Kwanza ulipoahidi vyama vya ANC na Ford Kenya asilimia 30 ya serikali. Vyama hivyo vilijulikana kwa vigogo wao na maeneo yao. Hapo tuliita mkakati. Wazee wa Mandera wakifanya hesabu ileile tunaita ukabila.

Hata hivyo maridhiano hayaleti amani kwa sababu tu yameitwa maridhiano. Marsabit, 2013: Warendille, Wagabra na Waburji waliungana chini ya jina REGABU, wakawazidi Waborana, jamii iliyo kubwa zaidi huko, na Ukur Yatani akawa gavana. Yalikuwa makubaliano ya kweli, ila yalikuwa ya kumfungia mtu nje. Kabla ya mwaka huo kwisha Moyale ilikuwa inawaka na watu wakivuka mpaka kuingia Ethiopia. Wanaotetea mfumo huu, nami nimo, hupenda kuipita Marsabit haraka. Meza inayoacha kundi kubwa mlangoni hufanya kazi ileile ya mshindi kuchukua chote, kwa jina la kupendeza.

Hoja ya wanawake ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu kaskazini kwenyewe kunaishuhudia. Koo zilipopigana Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliovunja ukuta wa kwanza walikuwa wanawake wa sokoni, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwa waliowaongoza. Baada yao wazee walikaa 1993 na kutia sahihi makubaliano ya amani, Azimio la Al-Fatah. Wanawake walifungua mazungumzo, wanaume wakayahitimisha, na meza ya kugawana viti imebaki ya wanaume hadi leo. Sababu inayotolewa ni kwamba mwanamke ana koo mbili, aliyozaliwa na aliyoolewa, hivyo haijulikani kiti chake kitakuwa cha nani. Sababu hiyohiyo ingemfanya afae kuwa msuluhishi kuliko mtu yeyote. Sophia Abdi Noor alichaguliwa mbunge wa Ijara, kaunti ya Garissa, 2017, kwa hiyo wapiga kura wamewatangulia wazee hapa.

Kwa uchaguzi wa 2027, basi, kelele za kupiga marufuku vikao hivi naona hazitasaidia. Vikikatazwa vitafanyika usiku, na mkataba usioandikwa ni rahisi kuukana. Maswali ya kuwauliza wazee ni mengine: nani hakualikwa, muhula wa zamu umeandikwa wapi, na kama akina mama wa soko la Wajir waliweza kusimamisha vita, kwa nini wasikae wakati ugavana unapogawanywa.