Taa Nilizilipia Ushuru

Swichi ya taa kwenye gari la shangazi yangu imegundishwa kwa supagluu. Ni ile ya kuzungusha, kwenye kijiti cha kulia cha usukani. Ilianza kulegea, fundi wa mtaani akaibana ikiwa imesimama kwenye AUTO, akafuta mikono. "Mama, hapa umemaliza kazi. Giza likiingia zinawaka zenyewe, kukikucha zinazima zenyewe. Usiziguse tena." Na kweli, tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuzigusa.

Mlango wa dereva nao ulilambwa na bajaji pale Tandika sokoni, ukabonyea, haufunguki kwa ndani wala kwa nje. Dereva, ambaye ni mimi maana shangazi haendeshi, naingilia mlango wa kushoto, navuka gia, najitumbukiza kwenye kiti. Kushuka ni safari hiyohiyo kinyumenyume. Shangazi alipotajiwa bei ya kunyoosha bodi aliuliza swali moja tu: "Kwani mlango wa kushoto una kasoro gani?"

Tuliishi hivyo vizuri kabisa mpaka siku ya sendofu ya binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, ukumbini Tegeta. Sisi tulipewa jukumu la ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa. Alitoka kwa mchomaji akiwa amesimama wima kwenye sinia, kavikwa mashada ya karoti shingoni, mdomoni ana fungu la majani ya kotimiri anayatafuna milele. Buti lilikuwa limejaa kreti za soda, kwa hiyo ndafu alikaa kiti cha nyuma, akafungwa mkanda. Shangazi akakaa pembeni yake na sare yake ya satini ya rangi ya chungwa, kilemba kinagusa dari, mkono mmoja kamshika ndafu bega.

Kabla hatujaondoka akaamua gari nalo lipendeze. Akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha kufuma cha kwenye makochi, cheupe chenye maua ya njano, akakitandaza juu ya dashibodi kona hadi kona, akakikandamiza kwa boksi la tishu.

Nikawasha gari. Yule mwanamke wa Kijapani akaongea. Wenye magari ya mkononi kutoka Japani mnamjua: kuna kifaa cha kulipia barabara za kule kwao, na kila ukiwasha gari kinakukumbusha kwamba hujaingiza kadi. Shangazi miaka yote anaamini ni salamu.

"Marahaba," akajibu. "Haya baba, twende."

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosini. Hatujafika Buguruni, dereva wa daladala akatoa mkono dirishani akawa anafumba na kufumbua vidole. Konda wake naye, kaning'inia mlangoni, akafanya vilevile. Kisha muuza maji. Hapa mjini alama hiyo haihitaji maelezo: taa zako zinawaka. Sijui ni kwa nini, lakini gari likiwasha taa mchana Dar es Salaam, watu wasiokujua wanaumia moyoni utadhani betri ni mali ya ukoo.

"Shangazi, taa zinawaka."

"Acha ziwake. Taa nilizilipia ushuru bandarini."

Nikajaribu kuzungusha swichi. Supagluu ya yule fundi ni kitu cha kuheshimiwa. Kilichozunguka ni ngozi ya kidole changu.

Basi wakaanza wanaokuja mbele. Wa kwanza akanipiga fulu. Shangazi akaruka. "Trafiki mbele! Punguza mwendo!" Maana fulu ya mchana kutoka kwa dereva usiyemjua ni taarifa ya kiungwana kwamba kuna mtu na tochi ya kupima mwendo kajibanza mahali. Nikashuka mpaka 50 ya sheria. Akapiga wa pili, nikashuka arobaini. Tuliitambaa Mandela yote tukimtafuta trafiki ambaye hakuwepo, malori ya mizigo yakitupigia honi nyuma, shangazi akiwasifu madereva wa siku hizi kwa upendo wao.

Kwa haki, duniani shangazi hayuko peke yake. Kule Swideni kuendesha mchana bila taa ni kosa tangu 1977, na Umoja wa Ulaya tangu 2011 unataka kila aina mpya ya gari dogo itoke kiwandani na taa zake za mchana. Kule ukizima ndipo watu wanapokushangaa. Hapa kwetu taa kali mchana kweupe wanawasha bodaboda, misafara ya wakubwa, na msiba.

Msiba tulikutana nao Mwenge.

Nilikuwa nimefika kwenye taa za barabarani, trafiki amesimama katikati na gwanda lake jeupe, amezuia magari ya pande zote. Mbele yake unapita msafara unaoelekea Barabara ya Bagamoyo: gari la maiti, nyuma yake magari yenye vitambaa vyekundu, taa zimewaka, hazadi zinacheza. Trafiki akaniangalia. Akaangalia taa zangu. Uso ukamlegea, akavua huruma yote aliyonayo akanivisha mimi, akanipungia mkono nipite.

"Pita, baba, pita. Poleni sana."

"Asante, mwanangu," shangazi akamjibu kwa nyuma, "Mungu akubariki." Halafu akaniambia, "Unaona? Gari lenye heshima zake hata trafiki wanalipisha."

Mbele yangu Noah, nyuma yangu Costa imejaa kwaya inaimba. Hakuna aliyechomekea katikati, hakuna aliyetukatisha; nakiri sijawahi kuipita Lugalo kwa raha namna ile. Watu pembeni mwa barabara walisimama. Mzee mmoja alivua kofia. Shangazi akampungia.

Tulipofika Tegeta nikawasha indiketa nichepuke kwenda ukumbini. Akatokea kijana wa bodaboda, mmoja wa wale wanaoongoza misafara kwa kujitolea na kwa fujo, akajipanga mbele ya boneti yangu. "Mnapotea, mjomba! Makaburi ni huku!" Akashuka, akafunga kitambaa chekundu kwenye kioo changu cha pembeni. Nikafungua mdomo nimweleze, lakini kwaya ya nyuma ilikuwa kwenye kibwagizo na dereva wao kaegemea honi. Nikarudi mstarini.

Kwenye kioo cha ndani nilimwona shangazi anafuta machozi.

"Shangazi, unalia nini? Hatuwajui hawa."

"Msiba ni msiba, mwanangu. We endesha."

Tukaingia makaburini, tukapangwa na kijana mwingine, pua ya gari imekaribia ukuta. Nikazima injini, nikavuka gia, nikashuka kwa mlango wa kushoto. Nikageuka. Taa mbili zinaumulika ukuta, wala hazina wasiwasi. Nikasubiri kidogo, maana fundi alisema zinazima zenyewe. Shangazi alikuwa ameshafika mbali na satini yake, ule mteremko wa makaburi umejaa nyeusi na nyeupe, yeye anawaka rangi ya chungwa katikati.

Nikamfuata nikimwita. "Shangazi! Shangazi, taa!"

Mshereheshaji wa msiba, bwana mmoja mwenye kipaza sauti cha kubeba begani, akakata maelezo yake. "Ndugu wafiwa, nimepokea taarifa sasa hivi kwamba shangazi amefika. Tulikuwa tunamsubiri yeye tu. Naomba tumpishe shangazi."

Umati ukapasuka njia mbili. Akina mama wakamshika shangazi yangu mikono huku na huku, wakampitisha mbele, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki mstari wa familia. Nyuma yangu nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mbona kavaa hivyo?" Mwenzake akamjibu kwa uhakika kabisa, "Marehemu ndiyo rangi aliyoipenda."

Ilipofika zamu ya mashada ikatangazwa upande wa mashangazi. Shangazi akasimama, akapokea shada, akaliweka, akalia kilio ambacho hata mchungaji alikisubiri kiishe. Mimi nikakabidhiwa koleo. Utafanyaje? Nilifukia kaburi la mtu nisiyemjua jina na suruali ya sherehe, na kila nikinyanyuka naziona taa kule juu, zinaanza kugeuka manjano.

Mtoto mmoja alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha gari letu. Akapiga kelele iliyofika kaburini: "Mama! Humu kuna mbuzi amekaa, amefunga mkanda!"

Hakuna aliyecheka. Nadhani walidhani ni mila za upande wetu.

Shughuli ilipokwisha taa zilikuwa zimezima, na si kwa sababu aliyoitaja fundi. Niligeuza ufunguo: tk. Mara ya pili haikutoka hata hiyo. Yule mwanamke wa Kijapani hakusalimia. Shangazi akachungulia. "Mbona leo kanyamaza?"

Wakaja vijana wa nguvu kusukuma, kwa heshima ya shangazi wa marehemu. Nikawaambia gari ni otomatiki, hata mkilisukuma mpaka Bagamoyo haliwaki. Hawakuamini. Walilisukuma kuzunguka makaburi, ndafu ndani anayumba na majani yake mdomoni, kisha wakaamini. Ikaulizwa nani ana waya za kubusti. Mwenye waya alikuwa mmoja tu: dereva wa gari la maiti. Akaleta gari lake, likasimama pua kwa pua na letu, akafunga waya, chanya kwa chanya, ile hasi ya kwetu akaibana kwenye chuma cha injini. Tukawaka. Taa nazo zikawaka palepale, jua bado liko juu.

Dereva yule alikuwa mtu mzima, mtaratibu, wa kazi isiyo na haraka. Akaingia kwa mlango wa kushoto, akaangalia swichi, akainusa supagluu, akatikisa kichwa. Kisha akainua pembe ya kitambaa cha kufuma. Chini yake, karibu na kioo, kulikuwa na kitufe cheusi cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko ncha ya kidole. Kitambaa kilipoondoka, taa zikazima. Akakifunika kwa kiganja, zikawaka. Akaondoa kiganja, baada ya muda zikazima tena.

"Hili ndilo jicho lake," akasema. "Mmelifunika, linadhani usiku."

Shangazi akataka kujaribu mwenyewe. Akaweka kiganja. Akatoa. Akaweka. Wafiwa wakasogea kuangalia.

"Haya, na kuzima je?" nikauliza. "Mbona nilizima injini zikaendelea?"

"Ulishukia wapi?"

"Mlango wa kushoto."

"Sasa itajuaje umeshuka? Ukizima injini linakuachia taa zikumulikie, linasubiri ufungue mlango wa dereva. Ukifungua, linazima. Hata ile kengele ya kukukumbusha taa inasubiri mlango huohuo. Hukuufungua. Kwa akili ya gari, wewe bado umo ndani." Akatazama makaburini, akatazama betri. "Wati 55 kila taa, weka na za nyuma, hapo umenyonya ampea kama 10 muda wote mnazika. Na betri yenyewe hii ilishakula chumvi."

"Miaka yote halijanifanyia hivi," akasema shangazi.

"Miaka yote ulitembea nalo usiku?"

"Usiku natoka kwenda wapi mie?"

Ikawa tumeelewana. Dereva akatuonya tusizime injini mpaka tufike, na kwa kuwa shangazi wa marehemu hawezi kuachwa njiani, akasema atatufuata nyuma kwa nyuma. Nikajaribu kumweleza ukweli. Shangazi akanifinya mkono. "Usimkatishe mtu mwema."

Jua lilishazama tulipokaribia ukumbi, kwa hiyo safari hii taa ziliwaka kihalali. Nje palikuwa pamejaa. Kamati walikuwa wamepiga simu mpaka wamechoka, matarumbeta yamepangwa mlangoni kumpokea ndafu. Walipoiona taa yetu inakata kona wakapuliza kwa nguvu zote, akina mama wakatoka na vigelegele. Kisha nyuma yetu ikakata kona taa ya pili. Tarumbeta kubwa ndiyo iliyowahi kusoma maandishi ubavuni mwa gari, ikafa katikati ya noti. Ngoma iliendelea peke yake kidogo, mpigaji alikuwa amefumba macho.

Baba mdogo akaja anatetemeka. Akachungulia dirishani, akakiona kitambaa chekundu kwenye kioo, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani?"

"Shikamoo, baba," nikasema. "Hakuna. Tumemleta ndafu."

Dereva wa gari la maiti akalazimishwa kula. Hakupinga sana. Alikatiwa paja, akakaa meza ya karibu na wazee, akawaeleza habari za jicho na mlango mpaka wakasahau kusikiliza hotuba. Gari lake lilibaki getini, maana ndani hapakuwa na nafasi, na waalikwa waliochelewa walikuwa wakilikuta hapo kabla hawajakuta kitu kingine chochote. Wengine walirudi na kuvua mikufu. Wengine waliingia wameshikana mikono, wakaenda moja kwa moja kwenye meza ya kamati na nyuso za huzuni. Tulipohesabu usiku ule, mweka hazina alikuta bahasha kadhaa zimeandikwa "rambirambi" kwa kalamu ya haraka. Akaziingiza kwenye daftari la michango, akafunga daftari, akakataa mjadala.