Maji Baridi Juu ya Maji Chumvi: Tuchimbe Visima au Tukinge Mvua?

Katika karne ya 20 watu duniani waliongezeka karibu mara nne, lakini maji waliyoyachota yaliongezeka takriban mara sita. Mashamba ndiyo yanayokunywa sehemu kubwa, kiasi cha asilimia 70. Chombo kimojawapo kilichofanya hivyo kuwezekana ni pampu: huvuta maji kutoka kina ambacho kamba na ndoo havifiki kwa urahisi.

Zanzibar nayo imepita njia hiyo. Enzi ya Sayyid Barghash, sultani wa karne ya 19, maji ya chemchemi yaliletwa mjini kwa mabomba. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 354,000 hivi. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Mabomba hayakwenda sambamba na ongezeko hilo, na jibu la haraka la kila mtaa ni kuchimba kisima.

Hoja ya wachimbaji ina uzito. Mvua za Masika na Vuli ni nyingi, jiwe la matumbawe linazimeza upesi, na kazi ya kuchimba kisima humalizika kwa siku chache. Kwa mama anayebeba madumu alfajiri, kumwambia asubiri mradi mkubwa ni kumwonea.

Ila chini ya miguu yetu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kiasi cha mita 40 chini yake. Basi ukivuta hadi uso wa maji ushuke nusu mita, mizani inaruhusu chumvi ipande hadi mita 20. Haipandi kwa siku moja, lakini chini ya pampu huinuka kama kichuguu. Kosa la kawaida ni pampu kubwa iliyoning'inizwa karibu na kitako cha kisima, ikawashwa kwa nguvu kwa muda wa saa mbili ili kujaza tangi. Pampu ndogo, iliyowekwa juu kidogo na kuvuta taratibu kwa saa nyingi, huharibu kidogo. Kosa jingine ni kupima maji mara tu baada ya Masika na kutangaza kuwa ni matamu. Yapimwe mwisho wa Kaskazi, msimu wa joto na ukame, yakiwa yamepungua. Kloridi ikivuka miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuijua kwenye chai. Na chumvi ikishaingia, mvua za miaka mingi ndizo zitakazoisukuma nje.

Wanaotetea mvua nao wasizidishe. Paa la bati la mita 50 za mraba, milimita 30 zikinyesha, hutoa lita 1,200 ukitoa upotevu wa asilimia 20. Lakini familia ya watu sita, lita 20 kila mmoja, humaliza tangi la lita 1,000 kwa siku nane. Ukame wa siku 90 unadai lita 10,800, na tangi la ukubwa huo si la kila mfuko. Lita 25 hadi 50 za mwanzo za kila mvua, zilizoosha paa, zimwagwe, mlizamu usafishwe, mdomo wa tangi ufunikwe wavu wa mbu.

Pemba, yenye udongo wa mfinyanzi na vijito, haina sababu ya kuiga Unguja. Katika maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe, ya Nungwi, Paje na Makunduchi, mvua iwe ya kunywa na kupikia, kisima kiwe cha kufulia. Hoteli zenye mabwawa ya kuogelea ziwekewe mita kwenye pampu zao, na chumvi ya visima vyao ipimwe kila mwezi, Disemba hadi Machi, mbele ya wanakijiji wanaochota jirani.