Msala hauporomoshwi

Wiki iliyopita ami yangu alivuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kupeleka fomu ya leseni ya dau, akarudishwa. Karatasi hazikutimia. Orodha ya karatasi zenyewe ilikuwamo mumo humo kwenye simu yake, chini ya kitufe kilichoandikwa "Panua". Nikamuuliza kwa nini hakukibonyeza.

"Herufi naziona, mwanangu. Nizipanue za nini?"

Nilikosa jibu. Barabara hupanuliwa, duka hupanuliwa. Nikabonyeza mimi, orodha ikatoka, na kitufe kikajigeuza jina: "Poromosha". Hapo ami akauvuta mkono wake mbali kabisa na simu. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya matumbawe anajua kinachoporomoka huwa ni nini, na nani huwa chini yake.

Jamani, nyinyi mliofasiri "expand" na "collapse" za Kiingereza namna hii, nani aliwatuma? Kiswahili kina kile kijimwisho cha kutengua: ziba, zibua, choma, chomoa, kunja, kunjua. Kazi imekwisha fanywa, na bibi zetu, kabla umeme haujafika kisiwani! Msala unakunjuliwa, watu wakisha kuswali unakunjwa, na hakuna anayelia kwamba msala umeangamia. Tanga la dau vilevile. Uso unakunjwa, unakunjuka, na mwenye uso usiokunjwa ovyo tunamwita mkunjufu. Kitu kilichokunjwa kipo, kizima, kinangoja mkono tu. Si ndiyo maana nzima ya kile kitufe? Halafu mtu amekaa ofisini na kamusi yake, akachagua neno la maporomoko.

"Onyesha" na "Ficha", sawa, si mabaya sana, ingawa ofisi ikiniambia imeficha kitu huwa naamini. "Fungua" na "Funga" siyataki hata kuyasikia: niliwahi kubonyeza "Funga" nikidhani nafunga aya moja, ikafungika fomu nzima na yote niliyoandika. Na ile mistari mitatu ya kufungulia menyu, iitwayo hambaga, aliyoichora mbunifu Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya 1981, angalau inachekesha.

Mafundi wa programu, nanyi nina neno nanyi. Mkishaweka aria-expanded, ile sifa inayomwezesha asiyeona kuambiwa na simu yake kwamba sehemu imekunjuliwa au imekunjwa, jina la kitufe liacheni palepale. Mkibadilisha vyote viwili atasikia "Kunja, imekunjuliwa". Hiyo ni amri, habari, au kitendawili?

Rafiki yangu mmoja anayetengeneza tovuti Malindi ananiambia kitufe kiitwe kwa kilichomo ndani yake, "Karatasi za kuleta", na kimshale pembeni, basi. Nimebishana naye jioni nzima kwa sababu ya "kunjua" yangu. Lakini ami angekibonyeza hicho, hilo siwezi kukana.

Kesho anavuka tena. Nauli ya boti natoa mimi.