Mchango anaouhesabu bosi

Mwaka jana nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa safari ya ofisi yetu hapa Mbeya kupeleka msaada kwa watoto yatima. Kila asubuhi niliweka orodha kwenye grupu la WhatsApp: jina, kiasi, na tiki kwa aliyekwisha kutuma. Meneja yumo kwenye grupu. Jina lake lilikaa juu kabisa, laki mbili.

Siku ya tatu, dada anayetufanyia usafi alinifuata nikiwa peke yangu. "Kaka, nikitoa elfu tano jina langu litaonekana pale?" Nikamwambia litaonekana. Akanyamaza, akawa anakunja kitambaa cha kufutia meza, anakikunjua, anakikunja tena. "Basi niandikie ishirini. Nitatuma mwisho wa mwezi." Mshahara wake haufiki laki mbili, na ana watoto watatu. Nikaandika 20,000. Mpaka leo inaniuma kwamba mkono ulioandika ni wangu.

Najua nitakachoambiwa: sisi ni watu wa kuchangiana. Ni kweli kabisa. Kwetu Uyole msiba ukitokea daftari linapita, na majina yanasomwa watu wakisikia. Lakini jirani anayelisoma leo kesho atafiwa yeye, nami nitakwenda. Nisipotoa atanisema, basi. Hashiki mkataba wangu wa kazi wala hasaini likizo yangu. Meneja anapouliza kwenye kikao cha Jumatatu "nani bado?", hiyo ni hiari ya lazima, na wote mezani tunaijua.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamzuia mwajiri kukata mshahara ovyo. Hata makato ya deni yanataka mfanyakazi akubali kwa maandishi. Orodha ya grupu inaukwepa ulinzi huo. Hakuna makato kwenye hati ya mshahara, unatuma mwenyewe kwa simu yako. Serikali ya Marekani, iliyoanzisha harambee ya hisani kwa watumishi wake mwaka 1961, iliona hatari hii ikaweka kanuni: bosi haruhusiwi kuwaomba mchango walio chini yake, wala kuuliza nani ametoa, wala kuweka lengo la watu wote kuchangia.

Watoto wale wanahitaji unga, sukari na sabuni, na ningependa tuendelee kwenda. Ila namba ya malipo ya kituo ibandikwe ukutani karibu na birika la chai, kila mtu atume anachoweza, na orodha isiwepo.

Safari ya mwaka huu imeshatangazwa. Nimemwambia meneja, ana kwa ana, kwamba orodha sitaiandika tena, na sababu nimempa. Alisema atalifikiria. Dada wa usafi ameshaniuliza mara mbili kama majina yatawekwa, na bado sina jibu la kumpa.