Shemeji, Gentoo na Mtihani wa Darasa la Saba

Kuna watu ukiwapa wali wanakula. Shemeji yangu ukimpa wali anauliza mpunga ulilimwa wapi, nani aliukoboa, na kwa nini hakushirikishwa. Mtu wa namna hiyo usimwambie kwamba duniani kuna Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, inayoitwa Gentoo. Sijui nani alimwambia. Mimi nilipata habari siku aliponipigia akiniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Shem, hivi wewe ni wa OpenRC au systemd?"

Kwa wasioijua: Gentoo haikuletei programu zilizoiva. Inakupa furushi la msingi liitwalo stage3, kisha zana yake, Portage, inashusha msimbo wa kila programu na kuukompaili, yaani kuugeuza uwe programu inayoendeka, hapohapo kwenye mashine yako, kwa vionjo unavyotaka wewe. Vionjo hivyo unaviandika kwenye `/etc/portage/make.conf`, katika mstari wa `USE`. Neno peke yake maana yake nataka, neno lenye minasi mbele yake maana yake sitaki. Na kabla hujashusha hata hiyo stage3 unatakiwa uwe umeshachagua init, yaani programu ya kwanza ambayo kerneli, moyo wa mfumo, huiamsha, yenye namba 1, inayoamsha nyingine zote. Kuna stage3 ya OpenRC na kuna ya systemd, na wasifu utakaouchagua kwa `eselect profile` lazima ufanane na stage3 uliyoshusha. Ukichanganya, utakuja kuamka asubuhi huduma ulizoziwasha kwa njia moja hazijulikani kabisa na njia ya pili.

Shemeji alichagua OpenRC. "systemd ni dubwana, shem. Linameza kila kitu." Sikubishana naye. OpenRC ni nyepesi, na skripti zake ziko `/etc/init.d`, unazifungua na kuzisoma kama barua. Kilichonitia wasiwasi ni kompyuta yenyewe: ndiyo hiyo moja tu ya steshenari yake pale Morogoro, RAM ya GB 4, imechomekwa printa ambayo ndiyo inayolipa kodi ya fremu.

Kukompaili kulikuwa vituko vitupu. Aliandika `MAKEOPTS="-j8"`, yaani kazi nane kwa mpigo, kwa sababu nane ni nyingi kuliko mbili. Kanuni inayotumika ni kuhesabu GB 2 za RAM kwa kila kazi, kwa hiyo mashine yake ilistahili `-j2`, na hiyo nayo kwa kuomba Mungu. Kila akifika kwenye programu nzito za C++ alikuwa anapata mstari huu:

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Alidhani ni virusi. Kumbe RAM imeisha na kerneli imechagua wa kumchinja. LUKU nayo ikawa inakata katikati ya LibreOffice. Hapo amri ya Portage, `emerge --resume`, inaendeleza orodha pale ilipoishia, ila kile kifurushi kilichokuwa jikoni kinaanza upya. Tangu mwishoni mwa 2023 Gentoo inatoa pia vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa, unavivuta kwa `--getbinpkg`. Shemeji navyo alivikosa vingi, maana Portage ikiona vionjo vyako havilingani na vya kifurushi kilichoiva, inarudi kukompaili. Na vionjo vya shemeji havikulingana na vya mtu yeyote. Mstari wake ulijaa minasi: `-systemd -gnome -kde -bluetooth`, na huko mwishoni, kimyakimya, `-usb`.

Basi mfumo ukawaka. Printa ikakataa.

Nilipofika dukani nilimkuta ameinamia kibodi anaandika `systemctl start cups`, amri ya kuwasha CUPS, huduma ya kuchapisha, aliyoikariri kutoka Ubuntu, Linux yake ya zamani yenye systemd, na mashine inamjibu kwa adabu:

`bash: systemctl: command not found`

"Unaona?" akasema. "Dubwana limeondoka na amri zake."

Hakuna kilichoibwa. Kwenye OpenRC amri ni `rc-service cupsd start`, na huduma inaitwa `cupsd`. Hiyo inaiwasha sasa hivi tu. Ukitaka iwake yenyewe kila mashine inapowaka, unaiandikisha: `rc-update add cupsd default`. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwenye systemd ni hivyohivyo, `start` na `enable`, kwa hiyo dubwana lisingemwokoa. Tukaiwasha, tukaiandikisha, tukahakiki kwa `rc-status`. Kijani. Shemeji akaagiza soda mbili.

Printa ikaendelea kukaa kimya.

Hapo ndipo nikaandika `lpstat -p`, na jibu likaja na maneno haya: `Waiting for printer to become available.` Inasubiri printa ipatikane, na printa iko umbali wa kiwiko, taa inawaka, paka kalala juu yake. Printa yenyewe haikuwa imeandikishwa upya. Shemeji alinakili folda yote ya `/etc/cups` kutoka mfumo wa zamani, kwa hiyo jina lilikuwepo na kazi zilipokelewa vizuri tu.

CUPS ina njia mbili za kuifikia printa ya USB. Ya kwanza ni kupitia libusb, maktaba ya kuongea na vifaa vya USB, ukiikompaili ikiwa na kionjo cha `usb`. Ya pili, ukikosa hicho, ni kupitia moduli, yaani kipande cha kerneli, iitwayo `usblp`, inayotokana na chaguo la `CONFIG_USB_PRINTER`. Nikaendesha `emerge -pv net-print/cups`: `-usb`. Nikajaribu `modprobe usblp`: haipo. Nikamgeukia.

"Shem, kwenye kerneli ulitoa nini?"

"Nilitoa takataka. Kulikuwa na sehemu imeandikwa printa."

"Na hii minasi ya usb?"

"Situmii flashi, zinaleta virusi."

Flashi zingesoma vilevile, hiyo ni kazi ya kerneli na wala haiongozwi na mstari wa `USE`. Lakini printa alikuwa ameizibia mlango wa mbele na wa uani. Mtu asiyetaka ubishi wa kerneli, `gentoo-kernel-bin` ipo, imekwisha kukompailiwa, ina moduli karibu zote unazoweza kuhitaji. Kupunguza kerneli kwa mkono kwenye kompyuta ya biashara ni kujitafutia kesi.

Dawa rahisi ilikuwa ya libusb, maana CUPS ni ndogo, haichukui muda. Tukaandika `net-print/cups usb` ndani ya faili la `/etc/portage/package.use/cups`, ambalo lina nguvu kuliko `make.conf`, kisha `emerge --ask --oneshot net-print/cups`. Wakati inakompaili nikaangalia foleni kwa `lpstat -o`. Ilikuwa ndefu hadi skrini ikapanda. Kazi ya kila mteja aliyekuja wiki ile, CUPS ilipowaka tu shemeji aliibonyezea printi, akaona kimya, akabonyeza tena, akabonyeza kwa hasira. CUPS haisahau. Kazi ambayo haijatoka inakaa `/var/spool/cups`, LUKU ikatike, mashine izimwe, yenyewe inasubiri zamu yake.

"Kabla hujaiwasha upya," nikamwambia, "andika `cancel -a`, ufute foleni yo…"

Alikuwa ameshabonyeza `rc-service cupsd restart`.

Paka aliruka. Ikatoka barua ya kuomba kazi ya ulinzi, nakala nne. Ikatoka ratiba ya kikao cha harusi ambayo harusi yenyewe ilikuwa imeshaliwa. Halafu printa ikavuta pumzi ikaanza kazi kubwa: Mtihani wa Hisabati, Darasa la Saba, nakala 60, wa shule ya hapo jirani, ufanywe Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa saa nane na nusu, shule imetoka, na mbele ya kaunta walikuwa wamesimama watoto wa darasa la saba wanaonunua rula.

Shemeji akaandika `systemctl stop cups`.

`bash: systemctl: command not found`

Karatasi zikajaa trei, zikaanza kumwagika sakafuni. Watoto, kwa malezi mema, wakainama kutusaidia kuokota. Waliokota polepole sana. Mmoja akauliza kopi ni shilingi ngapi. Nikachomoa waya wa printa, na shemeji, kwa mazoea ya biashara, akaurudisha akidhani umelegea. CUPS ikaiona printa imerudi, ikaanza ile kazi upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Kilichotuokoa ni karatasi kuisha. Ndipo `cancel -a` ikaandikwa, na mimi, siyo yeye. Mwalimu aliyeleta mtihani akaingia wakati huohuo, amekuja kudai hela yake ya kianzio. Akaiona sakafu. Akawaona wanafunzi wake. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa binti mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda na karatasi magotini.

"Mwalimu, swali la tisa. Robo tatu ya 60. Umeweka 40, 42, 48, 50 na 54."

Mwalimu akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu.

"45 haipo," binti akasema.

"Naona," mwalimu akajibu. Kisha akamgeukia shemeji. "Kopi za marekebisho utanitolea bure."